Maswali na Majibu: Nyumba Iliyofiwa na Mbwa

Toleo hili tumeutenga ukurasa wa wasomaji kwa barua tatu zilizotoka sehemu tatu tofauti na kuuliza karibu jambo moja. Majina ya waandishi tumeyaacha, kama ilivyo desturi ya safu hii.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, nina mume na watoto wawili, mmoja wa miaka 14 na mwingine wa miaka 6. Kwa muda mrefu tulikuwa na mbwa wetu Bosi, chotara ambaye mama yake alikuwa mbwa wa kienyeji na baba yake wa aina ile ambayo watu huiita mbwa wa polisi. Mchana alifungwa chini ya mpera, na usiku tulimfungulia azunguke ndani ya ua. Jumamosi moja alfajiri nilimkuta karibu na geti akitetemeka mwili mzima, mate yakimtoka kama povu la sabuni, na kabla daktari wa mifugo hajafika alikuwa amekwisha kufa. Daktari alisema dalili zote ni za sumu, na kando ya ukuta tuliokota kipande cha nyama ambacho si cha kwetu.

Mume wangu alimzika haraka nyuma ya migomba kabla watoto hawajaamka, akawaambia kwamba Bosi amepelekwa kwa babu yao Rombo kulinda ng'ombe. Mdogo ameamini, na kila jioni anabakiza tonge la ugali akisema ni la kupelekewa Bosi. Mkubwa aliuona udongo mbichi na tangu siku hiyo hasemi na baba yake. Mume wangu naye aliniuliza neno moja tu, "Nani alimfungulia mapema jana?", na baada ya hapo hatujalizungumza tena, ila juzi alirudi na mtoto wa mbwa ndani ya boksi. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ambaye kila siku alikuwa akimwekea Bosi mifupa, anasema kumlilia mbwa ni kuiletea nyumba uchuro. Kazini, nilipoingia ofisi ya walimu na macho mekundu, mmoja wa wenzangu alicheka akasema, "Mwalimu, mbwa tu huyo!" Sasa ninalia jikoni na kusingizia moshi wa kuni. Je, nimepungukiwa na akili? Na watoto niwafanyeje?

Mwalimu, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kufiwa. Akili zako ni timamu. Kilichotokea ni kwamba nyumba yako imepata msiba ambao hakuna aliyekuja kuukalia. Kwetu mtu akifariki, turubai hufungwa kabla ya jua kuchwa, majirani huleta maji na kuni bila kuombwa, wanawake hulala chini pamoja na mfiwa, kazini hutolewa ruhusa, daftari la rambirambi hupitishwa mlango kwa mlango, na hatimaye hufika siku ya kuondoa tanga ambapo watu wazima humwambia mfiwa kwamba sasa anaweza kurudi shambani na sokoni. Utaratibu huo hufanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani, kwa sababu humpa mtu mahali pa kulilia, watu wa kulia nao na siku ya kuanza kunyamaza. Mbwa akifa, hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali akaingia. Wewe umekianza kilio chako jikoni, ukakifungia mlango, na sasa hata wa karibu hawana pa kuingilia.

Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika juu ya majonzi ya namna hii, yaani majonzi ambayo jamii haiyapi nafasi kwa kuwa haioni kwamba kilichopotea kinastahili kuliliwa. Hoja yake ni kwamba uchungu haupungui kwa sababu umenyimwa nafasi. Huzidi, kwa kuwa anayeubeba hulazimika pia kubeba aibu ya kuubeba. Hiyo ndiyo hali yako, na ndiyo maana neno la mwenzako ofisini lilikuumiza kuliko alivyokusudia.

Nadhani wanaosema "mbwa tu" hawajawahi kuihesabu siku ya mtu mwenye mbwa. Nani alikusikia ukiingia kabla hujagonga geti? Nani alijua kwamba mtoto amerudi shule na kwamba baba amechelewa? Mwaka 2015 watafiti wa Japani, wakiongozwa na Miho Nagasawa, walionyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana machoni kwa muda, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili, na hiyo ndiyo homoni inayohusika katika kumfunga mama na mtoto wake mchanga. Kwa hiyo machozi yako yana asili katika mwili wako. Tena kifo chenyewe kilikuwa cha ghafla. Mbwa anayezeeka humpa mwenyewe muda wa kuzoea, kwa sababu kwanza huacha kukimbia, kisha huacha kubweka, kisha huacha kula, na moyo huanza kuaga pole pole. Bosi alikula chakula chake jioni na alfajiri hakuwapo, na ndiyo sababu mikono yako bado inampimia ugali na masikio yako bado yanamngojea getini.

Usishangae pia ukijikuta Jumatano unacheka na wanafunzi na Alhamisi unalia tena. Wataalamu wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa hasafiri moja kwa moja kutoka kwenye huzuni hadi kwenye nafuu. Huenda na kurudi, mara akiukabili uchungu, mara akiuweka kando ili apike, afundishe na kulipa ada. Siku utakayocheka hutakuwa umemsaliti Bosi.

Kuhusu mama mkwe, nakuomba usishindane naye. Katika maisha yake mbwa alikuwa mlinzi, na mlinzi akifa alizikwa na mwingine akatafutwa. Machozi yaliwekwa kwa ajili ya watu, kwa sababu watu walikufa wengi. Lakini mama aliyemwekea mbwa mifupa kila siku naye ana pengo lake, ila halijui jina. Muulize siku moja, mkiwa wawili, kwamba Bosi alikuja akiwa mdogo kiasi gani, na umwache asimulie. Na ikiwa ni mtu wa kanisa, mkumbushe kisa ambacho nabii Nathani alimsimulia mfalme Daudi katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12, cha maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja tu aliyekula tonge lake, akanywa katika kikombe chake, akalala kifuani pake, akawa kwake kama binti. Daudi aliposikia kwamba tajiri amemnyang'anya maskini yule mnyama, aliwaka hasira na kuapa kwamba mtu huyo anastahili kufa. Hakumcheka maskini kwa kumpenda kondoo.

Jambo la haraka kuliko yote ni watoto, hasa huyu mdogo, kwa sababu kila siku inayopita uongo ule unazidi kuwa mgumu kuondoa. Aliyeusema ndiye anayefaa kuuondoa, yaani baba yao, nawe ukiwa pembeni yake. Awaketishe mchana, si wakati wa kulala, awaambie kwa maneno machache kwamba Bosi amekufa, kwamba alikula kitu chenye sumu na mwili wake ukashindwa kufanya kazi, kwamba hayuko Rombo, na kwamba baba aliwaficha kwa kuwa alishindwa kulisema. Asiseme amelala, wala amesafiri, wala Mungu amemchukua kwa sababu alikuwa mzuri. Mtoto wa miaka 6 huyachukua maneno kama yalivyo: akiambiwa kufa ni kulala, ataogopa kitanda, akiambiwa Mungu huchukua wazuri, ataanza kujitahidi kuwa mtukutu. Watoto wa umri huo wengi hawajaelewa bado kwamba aliyekufa harudi, kwa hiyo anaweza kusikiliza vizuri, akalia kidogo, akaenda kucheza, na jioni akauliza Bosi atarudi lini. Mjibuni tena kwa maneno yale yale bila kukasirika. Tonge lake msimnyang'anye. Akitaka kwenda kuliweka kaburini, mpelekeni, na kuku wakilila msiseme kitu.

Huyu wa miaka 14 anajua, na kinachomuuma si kifo peke yake, bali ni kuona kwamba hakuhesabiwa kuwa mtu wa kuambiwa. Mpeni kazi ya kweli. Kwa kuwa maziko yalikuwa ya haraka, huenda shimo ni fupi, na mzoga wenye sumu ukifukuliwa na mbwa wengine au ndege wala mizoga unaweza kuwaua nao. Kijana na baba yake waongeze udongo wa kutosha juu ya kaburi, walipange mawe makubwa, na wahakikishe kwamba liko mbali na mfereji wa maji unaopita kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani. Kama haliko mbali, itabidi wavae glavu na kumhamishia kwenye shimo jipya lenye kina cha mita moja au zaidi. Kazi ya namna hiyo, wakiifanya wawili, inaweza kufungua mdomo wa kijana kuliko maneno mengi. Mkitaka kupanda kitu juu yake, pandeni mparachichi au ua mnalolipenda. Mmea wa isale sikushauri kabla ya kuwauliza wazee, kwa sababu Wachaga hulipa isale heshima ya mipaka, ya makaburi ya watu na ya kuombana msamaha, na sioni faida ya kufungua ugomvi mwingine na mama mkwe kwa ajili ya mmea. Baada ya hapo kaeni pale nyote, kila mmoja aseme jambo moja analolikumbuka, la kuchekesha au la kuudhi, kisha mle pamoja. Hilo ndilo tanga lenu, na linatosha.

Swali la mume wako, "Nani alimfungulia mapema?", limekuchoma, nami naelewa. Kifo cha ghafla humfanya mtu atafute mkosaji aliye karibu pale ambapo mkosaji halisi hajulikani. Ukweli ni kwamba Bosi alifunguliwa kila usiku, na nyama ile ilitupwa na mtu aliyejua hivyo. Kama angefunguliwa saa mbili baadaye angeikuta palepale. Lakini mtazame pia mume wako kwa jicho la pili. Mwanamume anayechimba kaburi peke yake gizani ili watoto wasione, kisha baada ya siku chache akarudi na mtoto wa mbwa kwenye boksi, ni mtu anayeumia na ambaye hajui pa kuyapeleka maumivu yake. Mwambie hivyo, na umwambie pia kwamba swali lake lilikuumiza. Yote mawili yasemwe siku moja.

Sasa kuhusu sumu yenyewe, maana huzuni isiwasahaulishe usalama. Sumu za wadudu zinazotumika shambani, zikiwekwa kwenye nyama, humfanya mbwa atokwe na mate mengi, atapike, aharishe, atetemeke, mboni za macho zisinyae, na hufa ndani ya dakika au saa chache. Akifikishwa mapema kwa daktari huweza kuchomwa sindano ya atropini na wengine hupona, lakini alfajiri ile ninyi mlikuwa mmekwisha kupitwa na muda. Kagueni ua wote mkiwa na glavu, kuanzia chini ya ukuta hadi migombani, kwa sababu anayetupa kipande kimoja mara nyingi hutupa na vingine, na mtoto wa miaka 6 huokota vitu. Nyama mliyoikuta, kama bado ipo, ifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki na kukabidhiwa daktari wa mifugo. Matapishi yafukiwe, kuku wasiyafikie. Toeni taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi, kwanza kwa sababu Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na pili kwa sababu wezi wana tabia ya kumuua mbwa kabla ya kuja wenyewe, kwa hiyo angalieni makufuli yenu. Jirani msimtaje jina bila ushahidi, hata kama mioyo yenu imekwisha kumhukumu.

Liko na jambo ambalo lazima niulize kwa sababu umetaja mate na kutetemeka. Je, Bosi alikuwa amechanjwa kichaa cha mbwa? Mbwa aliyekuwa mzima jioni na akafa alfajiri haelekei kuwa na ugonjwa huo, ambao huchukua siku kadhaa na hubadilisha tabia kwanza. Hata hivyo, kama chanjo ilikuwa imepitwa na wakati, na kama yeyote alishika mate yake akiwa na kidonda au aling'atwa naye siku za karibuni, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuelezwa kama anahitaji chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu huua karibu kila mara, na chanjo ya mapema huzuia.

Mtoto wa mbwa aliye kwenye boksi hana kosa lolote, naye msimrudishe. Lakini asiletwe mbele ya watoto kama malipo ya Bosi, wala asiitwe Bosi. Baba awaambie ukweli kwanza, zipite siku, kisha watoto wenyewe wampe jina. Na tafadhali lisiwe jina la kumrushia jirani maneno, kama wengi wetu tunavyopenda. Mbwa anayeitwa Hasidi huanzisha ugomvi kila anapoitwa kula.

SWALI: Assalaam alaykum. Kwako mwanangu unayeandika safu hii. Mimi ni mzee wa Muheza, nina shamba la michungwa na mahindi. Kwa miaka kadhaa nilikuwa na mbwa wa shambani, akilala kwenye dungu langu na kufukuza ngedere na nguruwe mwitu. Mwezi uliopita aliumwa na kifutu kwenye pua, uso ukavimba, na hakuuona mchana wa siku ya pili. Nilimzika pale shambani. Tangu hapo nikifika kwenye njia ile napata uzito kifuani, na siku moja machozi yalinitoka mbele ya kijana wangu. Alisema, "Baba, wewe ni mtu wa msikitini, unamlilia najisi?" Nimekaa na neno hilo. Je, nimekosea?

Mzee, Muheza

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, na shikamoo mzee wangu. Pole sana. Mimi si shehe, na hukumu ya dini utaipata kwa mwalimu wako wa msikitini, ambaye nakushauri umwendee. Nitakachokueleza ni mambo ambayo nawe, nadhani, uliyasikia zamani chuoni.

Kijana wako amechanganya mambo mawili. Wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya tohara na ya chombo. Haisemi kwamba moyo usimhurumie mnyama. Kufuga mbwa kwa ajili ya kulinda shamba, kulinda mifugo na kuwinda ni jambo lililoruhusiwa katika hadithi za Mtume, na mbwa wako alikuwa na kazi hiyo hasa. Katika Sahihi ya Bukhari kuna kisa cha mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno akipanda, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Masahaba walipouliza kama wana ujira kwa sababu ya wanyama, waliambiwa kwamba katika kila kiumbe chenye uhai kuna ujira. Na katika Surat al-Kahf, unayoisoma bila shaka siku za Ijumaa, vijana wa pangoni wametajwa pamoja na mbwa wao aliyenyoosha miguu yake kizingitini. Wamehesabiwa wangapi walikuwa, na kila hesabu imemtaja na mbwa.

Unalolilia, nionavyo mimi, ni pamoja na upweke wa shambani. Mtu akilala dunguni usiku wa mahindi kukomaa, sauti moja ya mbwa humwambia kwamba hayuko peke yake, na sasa sauti hiyo haipo na nguruwe wapo. Mweleze kijana wako hivyo, bila kumkaripia, kisha mwombe akalale nawe dunguni mpaka mavuno yaishe. Anaweza kukataa, maana vijana wa siku hizi wana kazi zao, lakini ombi lenyewe litamfahamisha jambo ambalo mahubiri hayatamfahamisha. Njia ile usiiache. Pita kila siku kama ulivyozoea, na ukifika pale alipozikwa simama kidogo. Kifuani patakuwa pazito kwa muda. Uzito huo ukizidi, ukawa na maumivu ya kubana au pumzi kukatika, hilo si la mbwa tena, nenda zahanati ukapimwe presha.

Kifutu naye yupo bado. Fyeka nyasi kuzunguka dungu, tembea na tochi, na vaa buti, kwa sababu nyoka huyo hakimbii mtu. Hutulia kimya mpaka akanyagwe.

SWALI: Shangazi, habari za kazi. Ninaishi Nakuru na dada yangu mdogo, na wazazi wetu wako kijijini. Tulikuwa na mbwa wawili waliolelewa pamoja, mmoja mkubwa na mmoja wa miezi minne. Huyu mdogo aliacha kula siku ya Jumatatu, akaanza kutapika na kuharisha damu, na Jumatano akafa kliniki. Daktari alisema ni parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia matumbo ya mbwa, na kwamba hakuwa amemaliza chanjo. Dada yangu analia usiku na kusema tumemuua. Yule mkubwa anazunguka kila chumba akinusa, hali vizuri, na analala juu ya gunia la mwenzake. Tunaogopa atakufa naye. Pia tunataka kuchukua mtoto mwingine wa mbwa ili nyumba ichangamke.

Kaka na dada, Nakuru

JIBU: Poleni sana, wanangu. Nianze na huyu aliye hai. Mbwa waliobaki huonyesha mabadiliko pale mwenzao anapokufa: hula kidogo, hucheza kidogo, huwaganda watu, na utafiti uliofanywa Italia na kuchapishwa mwaka 2022 uliwakuta wenye mbwa wengi wakieleza mambo hayo hayo, hasa pale mbwa wawili walipokuwa na urafiki. Msimlazimishe. Mpeni chakula saa zile zile, mtembezeni njia ile ile, na mzungumze naye kama kawaida. Lakini msiseme tu kwamba ana huzuni. Mbwa mzima aliyekamilisha chanjo ana kinga nzuri dhidi ya parvo, ila asiyekula kabisa kwa siku moja, au anayetapika, au ambaye ufizi wake umepauka, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu homa ya kupe nayo huanza kwa kususia chakula.

Dada yako aambiwe ukweli wote, si nusu. Ni kweli kwamba chanjo iliyokamilika ingeweza kumkinga. Chanjo hiyo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, na watu wengi hawajui kwamba sindano moja haitoshi, kwa kuwa kinga aliyoipata kwa maziwa ya mama huweza kuizuia chanjo ya mwanzo isifanye kazi. Ni kweli pia kwamba mlimpeleka kliniki, na kwamba parvo huua wengi hata wakiwa wametundikiwa dripu. Mtu aliyempeleka mbwa kliniki na kukaa naye hajamuua. Akiendelea kulia usiku, kaka uamke, umchemshie chai, ukae naye, usimwambie anyamaze. Na mpigieni simu mama huko kijijini mumweleze, hata kama mnadhani atawacheka.

Kuhusu mtoto mwingine, hapa nitakuwa mkali. Kirusi cha parvo hukaa katika udongo na nyufa za sakafu kwa miezi mingi, hata mwaka, na mtoto wa mbwa asiyechanjwa mkimleta sasa mtamzika naye. Gunia mlichome moto mbali na nyumba. Najua ndilo mkubwa analolilalia. Mpeni nguo kuukuu yenye harufu yenu badala yake. Vyombo na sakafu ya saruji visafishwe kwanza kwa sabuni, kisha vipakwe jiki iliyochanganywa kikombe kimoja kwa vikombe 30 vya maji, viachwe vimelowa kwa dakika 10 ndipo visuuzwe. Uani kwenye udongo jiki haifanyi kazi ya maana. Jua kali na muda ndivyo vitakavyosaidia. Mkishasubiri, mchukue mbwa aliyekwisha kumaliza chanjo zote, mwenye kadi iliyosainiwa na daktari, na siku ya kumchukua mwende na dada yako, maana ndiye atakayejua kama yuko tayari.